Watu Arobaini na Mmoja wa Simu Moja

Kosa nitakaloliweka wazi hapa ni kutia saini karatasi ambayo mtu hakuisoma. Si kosa la kutisha. Halina panga wala damu, na anayelitenda huonekana, wakati ule ule wa kulitenda, kuwa mtu makini kuliko wote waliomo chumbani: miwani ipo puani, kalamu imefunguliwa, kichwa kimeinama kama cha mtu anayesali. Nimewaona wakilitenda wenyeviti wa vijiji, walimu wakuu, wazee wa kanisa, na hata bwana harusi mmoja ambaye aligundua baadaye kwamba alikuwa amejaza nafasi ya shahidi. Aliyelitenda katika habari hii ni mimi mwenyewe. Msomaji asidhani, basi, kwamba mkosaji anasingiziwa.

Kwa miaka kumi na mitatu nimekuwa mkuu wa tawi la kampuni ya bima ya afya mjini Mpanda. Neno "tawi" lisimpe mtu picha ya jengo la vioo. Ni vyumba viwili vya kupanga katika mtaa wa Makanyagio, kati ya fundi cherehani na duka la vipuri vya pikipiki, na watumishi wake ni wawili: mimi, na karani wangu, mama mwenye mwandiko wa kupendeza na subira nyingi, ambaye huniita "mzee" siku zote isipokuwa anapokasirika. Hapo huniita "bosi".

Kumbukumbu za wanachama wetu zilikaa katika kompyuta moja iliyokuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Programu yake ilikuwa na ubabe mmoja: haikukubali kumhifadhi mwanachama asiye na namba ya simu. Ungeweza kuacha wazi jina la baba, ungeweza kuacha wazi mwaka wa kuzaliwa, simu, la. Walioiunda waliamini, bila shaka baada ya utafiti wa kina, kwamba binadamu anaweza kuja duniani bila baba lakini hawezi kuja bila simu.

Karani wangu akatafuta njia. Kila mkulima aliyefika kutoka Kasekese, Mishamo au kijiji kingine cha mbali bila simu mkononi, alimwuliza, "Tukikutafuta, tunakupata kwa nani?" Naye mkulima alitaja, bila kusita, namba ya mtu anayechaji simu kijijini kwao. Mtu huyo ndiye mwenye paneli ya sola, ndiye aliye hewani mchana kutwa, ndiye anayepokea habari za misiba, za mvua na za watoto walioko shuleni, na kuzifikisha kwa wenyewe. Katika vijiji vyetu, mtu asiye na simu ana namba ya simu. Jambo hilo humshangaza mgeni peke yake.

Kisha makao makuu yakaamua kwamba umefika wakati wa sisi kustaarabika. Tuliandikiwa kwamba kumbukumbu za matawi yote zingehamishiwa katika kanzidata mpya, moja kwa nchi nzima, na kwamba mtaalamu angekuja kwa siku tano kusimamia zoezi hilo. Barua ilitumia neno "mageuzi" mara saba. Nilizihesabu. Laiti ningekuwa na bidii hiyo hiyo siku ya tano.

Mtaalamu alikuja kwa ndege. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye viatu vyembamba vya ngozi ambavyo vumbi la Makanyagio lilivipokea kwa bashasha. Aliketi mbele ya kompyuta yetu nusu saa, akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa kwa kuchelewa, akasema, "Mzee, data zenu ni chafu."

Nilikuwa nimeifuta kompyuta ile kwa kitambaa chenye maji asubuhi hiyo hiyo, lakini nilijua kwamba uchafu wa kitaalamu hauonekani kwa macho ya kawaida.

Kanzidata mpya, alitueleza, ilikuwa na akili. Iliwatambua yenyewe watu walioandikwa mara mbili na kuwaunganisha wawe mmoja. Iliwatambua kwa namba ya simu. Namba moja, mtu mmoja.

Karani wangu akaweka kalamu mezani. "Kaka, hizi simu nyingine siyo za wenyewe."

"Za nani sasa?"

"Za watu wanaowapelekea habari. Kijiji kizima kinaweza kuwa na moja."

"Dada yangu," akasema mtaalamu, kwa ule upole wa mtu anayemweleza mtoto kwamba mwezi haumfuati, "hilo mfumo utaliona wenyewe. Ndiyo maana tumeununua."

Karani akanigeukia. Nami, mtu mzima, msomaji wa vitabu, mshauri wa ndoa za jirani, nikamwambia amwache mgeni afanye kazi yake. Alirudi kwenye kiti chake, akasema taratibu, "Sawa, bosi."

Siku ya nne tulifunga fomu za zamani katika magunia, zikaenda makao makuu. Kadi za zamani za wanachama, ambazo tulikuwa tumezikusanya kwa mwezi mzima tukiahidi mpya, tulizichoma nyuma ya ofisi kama mwongozo ulivyoagiza. Nilitoa hotuba fupi mbele ya moto ule. Nilisema tunaaga zama za karatasi. Fundi cherehani alipiga makofi; yeye hupenda hotuba na hupenda moto.

Siku ya tano mtaalamu alileta taarifa ya makabidhiano, kurasa kumi na nane, imebanwa vizuri kwa pini mbili. Ilikuwa saa sita na nusu. Ndege yake iliondoka saa nane. Juu ya meza ya pili palikuwa na migebuka wa kukaanga kutoka ziwani, aliowaagiza karani kwa heshima ya mgeni, na harufu yao ilikuwa imekwisha kuingia katika kikao kama mjumbe mwenye kura.

"Saini hapa, mzee," akasema mtaalamu, akifunua kwa kidole kilichozoea. "Na hapa. Na hapa, kwamba umehakiki."

Nikatia saini hapa. Nikatia na hapa. Nikatia pale paliposema nimehakiki, nikagonga na muhuri, nikaupuliza wino ukauke. Kisha tukanawa mikono tukala samaki. Walikuwa wazuri mno. Siwezi kuwalaumu kwa lolote.

Wiki tatu baadaye, hospitali ya mkoa ilipokea kambi ya madaktari bingwa. Wenyeji wa Katavi wanajua maana ya jambo hilo. Madaktari wa upasuaji ambao kwa kawaida unawafuata kwa safari ya siku mbili, kama una nauli na mtu wa kukusindikiza, huja wao wenyewe na kukaa Jumatatu hadi Ijumaa. Wakiondoka, hakuna ajuaye watarudi lini. Jumanne ya wiki hiyo, saa mbili asubuhi, aliingia ofisini kwetu mama mmoja mkulima wa Mishamo, umri wake kama wangu, amejifunga kitambaa shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

Sauti yake ilitoka kwa kukwaruza, kana kwamba ilipita mahali palipozibwa nusu. Na ndivyo ilivyokuwa. Aliposhusha kitambaa tuliona rovu, uvimbe wa shingoni wenye ukubwa wa embe dodo, ulioanza kumbana njia ya hewa. Alilala akiwa ameketi, alisema, kwa sababu akijinyoosha hapumui. Daktari bingwa alikuwa amemwona Jumatatu na kuamua apasuliwe kabla kambi haijafungwa. Kilichobaki ni bima: orodha ya wagonjwa wa Ijumaa ingefungwa Alhamisi saa sita mchana, na asiyethibitishwa na bima yake hakuwekwa. Kujilipia mwenyewe halikuwa jambo la kuzungumzwa, hata angeuza mahindi yote ya msimu.

"Hospitali wanasema mashine hainijui," akasema. "Nikasema nije kwa nyie mlionijua kabla ya mashine."

Karani aliandika jina, hapana. Aliandika kijiji, hapana. Aliandika namba ya simu ambayo mama huyo aliitaja kwa moyo kama mtu anavyotaja sala. Kioo kikafikiri. Kisha nikasikia neno ambalo hulisikia siku za hatari peke yake.

"Bosi. Njoo umwone huyu mama."

Nikaenda. Mwanachama mwenye namba ile alikuwa na jina la mzee wa kiume nisiyemjua. Jinsia yake ilikuwa ya kike. Alikuwa na umri wa miaka minne, alikuwa mjane, na alikuwa akihudhuria kliniki ya wajawazito.

"Soma kwa sauti," akasema mama mgonjwa, akanyoosha shingo kadiri alivyoweza.

Karani akasoma. Yule mama akashika rovu lake kwa viganja viwili. "Kumbe ni mimba! Nami muda wote huu nawasumbua madaktari."

Karani alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuvuta droo yangu na kutoa ile taarifa ya kurasa kumi na nane, na niliisoma kwa mara ya kwanza, nimesimama. Ukurasa wa sita uliandikwa kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mla samaki angekielewa. Ulisema kwamba watu arobaini na mmoja wa Mishamo wenye namba moja ya simu wameunganishwa kuwa mtu mmoja, na kwamba kila sehemu ya taarifa za mtu huyo imechukuliwa kutoka kwa wa mwisho aliyekuwa nayo. Chini yake palikuwa na sentensi kwa herufi nzito: mkuu wa tawi ahakiki jambo hili kabla ya kutia saini. Chini ya sentensi hiyo palikuwa na saini ya mkuu wa tawi, nzuri, ya mviringo, yenye mkia.

Kwa hiyo mfumo, niliokuwa nimejiandaa kuulaani, ulikuwa umeniuliza kwa adabu. Mtaalamu naye, pamoja na viatu vyake, alikuwa ameandika. Mwenye nyumba ndiye asiyekuwepo.

Nilimweleza mama yule ukweli, kwa sababu hapakubaki kitu kingine cha kumpa.

"Mzee," akasema, "mimi nilizaliwa mkimbizi. Karatasi za huku zilisema si wa huku, za kule zikasema si wa kule. Miaka na miaka. Nilipopewa uraia nikawaambia wanangu, sasa na mimi nimeandikwa. Nyie mmenifuta kwa siku ngapi?"

"Tano."

"Mna bidii."

Nimesoma waadilifu wengi na makaripio yao marefu. Hakuna aliyenifikia kwa maneno mawili namna ile.

Nilimpigia simu mtaalamu. Aliwakumbuka wale migebuka kwa shukrani, kisha akanieleza utaratibu: nitume ombi la marekebisho, litapewa namba, litashughulikiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi.

"Huyu mama anatakiwa kwenye orodha Alhamisi," nikasema. "Hapumui akilala."

Nilimsikia akibonyeza kompyuta yake. Hakuwa mtu mbaya. Watu wanaotuharibia mambo ni wabaya mara chache sana, na hilo ndilo linaloudhi. "Mzee, kumbukumbu zenu za zamani bado ninazo huku, lakini zimepangwa kwa namba ya uanachama tu. Nikiwa na namba yake, namtoa kwa dakika tano. Bila namba itabidi twende na utaratibu."

"Namba ilikuwa kwenye kadi."

"Basi angalia kwenye kadi."

Nikamshukuru, nikakata simu. Sikuona haja ya kumweleza hotuba niliyoitoa mbele ya kadi zile.

Karani ndiye aliyefikiri. Alimwuliza mgonjwa, "Mama, ulipojiandikisha, namba si ilitumwa kwa meseji?"

"Ilitumwa. Kwa yule mama anayechaji. Alinisomea."

"Atakuwa ameshaifuta."

"Yeye hafuti," akasema mgonjwa, karibu kwa kukasirika. "Yeye anaandika."

Tukapiga namba ile. Kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ya kuihifadhi, kuihamisha na kuiunganisha, mtu wa bima aliipiga. Sauti ya mwanamke ikajibu kwa haraka, nyuma yake muziki wa redio.

"Nani?"

"Habari za asubuhi, mama. Napiga kutoka kampuni ya bima, naomba unisaidie namba ya siri, samahani, ya uanachama, ya—"

"Ahaa. Na jana ulipiga ukasema nimeshinda pikipiki."

"Siyo mimi, mama."

"Wote mnasema siyo nyie."

Akakata. Nikapiga tena nikamweka mgonjwa kwenye simu. Wakaongea kidogo kwa Kirundi. Mwenye simu alimtambua, alimpa pole, alimwulizia hali ya shingo, na alikataa. Namba ya mtu, alisema kwa Kiswahili ili nami nisikie, husomwa kwa mwenyewe, uso kwa uso. Simu haina uso. Kama mwenyewe amezuiwa hospitali, basi aje mtu na karatasi yenye dole gumba lake.

Mgonjwa alirudisha simu akionekana kufurahi kuliko alivyokuwa tangu aingie. "Nilikwambia. Huyo ni mtu."

Niliandika barua ya mistari minne. Niliisoma kwa sauti mara mbili kabla ya kumkabidhi, jambo ambalo karani alilitazama kwa makini. Mgonjwa akabonyeza dole gumba lake la kulia. Lilikuwa na kovu la kukatwa na jembe, na katika alama yake kovu lile lilipita kama njia nyeupe shambani. Kisha akarudi hospitali kufanyiwa vipimo, nami kesho yake alfajiri nikapanda basi la kwenda Kigoma, nikashuka njia panda ya Mishamo, nikamalizia kwa pikipiki. Mvua ilikuwa imenyesha. Niliwasili nikiwa na rangi ya barabara.

Kibanda kilikuwa cha mabati, na paneli mbili juu yake. Ndani, simu nyingi zilining'inia kwenye ubao wenye misumari, kila moja imebandikwa plasta yenye jina la mwenyewe. Wateja watano walikuwa wameketi kwenye benchi. Mwenye kibanda, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ndiye pikipiki?"

"Ndimi bima, mama."

Benchi likacheka. Alipokea barua yangu, akaisoma, akafungua kabati, akatoa kaunta buku tatu. Alifunua ya pili. Kila ukurasa ulikuwa na mistari iliyonyooka: siku, ujumbe ulivyosema neno kwa neno, jina la anayehusika, na pembeni dole gumba au saini yake. Sikuwahi kuona kumbukumbu zilizotunzwa vile, na nimekaguliwa na wakaguzi wa kila namna. Akafika kwenye mstari alioutaka, akaiweka barua yangu kando yake, akainama. Alama mbili, njia nyeupe ile ile. Makao makuu yalikuwa yametuahidi kifaa cha kutambua vidole. Kilikuwa bado njiani.

"Ni yeye," akasema. "Sasa wewe."

Aliandika mistari kadhaa katika ukurasa mpya, akanigeuzia daftari, akanipa kalamu. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na matope hadi magotini, na Alhamisi ilikuwa kesho. Nikainamisha kichwa na kupeleka kalamu mahali pa saini.

"Soma kwanza."

"Nimeona, mama."

"Kuona si kusoma. Soma kwa sauti, wasikie."

Nikasoma. "Mimi mtu wa bima nimekuja kuchukua namba ya mama huyu aliyetajwa hapo juu, ambaye bima imempoteza." Nikasita. "Mama, hapa ungeweza kusema 'taarifa zake hazionekani'."

"Hukumpoteza?"

"Nilimpoteza."

"Endelea."

"Nimesomewa, nimeelewa, na nimekubali kumpa mwenye kibanda mbuzi jike mmoja kabla ya mwisho wa mwezi."

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni alipiga goti lake kwa kofi. "Huyu kapona! Huyu kapona!"

Mwenye kibanda aliukata mstari wa mbuzi kwa rula, bila haraka. "Mtu wa kawaida namsomea mwenyewe mara mbili kabla hajaweka dole," akanieleza. "Lakini anayekuja na cheo hapendi kusomewa, kwa hiyo namwekea mbuzi. Akisoma, namfuta mbuzi. Asiposoma, analeta."

"Na wapo walioleta?"

Alinionyesha kwa kidevu nyuma ya kibanda. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa kwenye kisiki, wanene, wamepumzika. "Mmoja wa mwalimu mkuu," akasema. "Wa pili simtaji, ana mke."

Nikatia saini. Ilikuwa saini iliyosomwa, na nakiri kwamba ilitoka mbaya, haina mkia. Ndipo akanisomea namba, tarakimu moja moja, nami nikaituma hapo hapo kwa karani na kwa mtaalamu. Nilipoomba, nikiwa nimepata moyo, nipige picha kurasa nyingine ili niwarudishe na wale arobaini, alifunga kaunta buku.

"Umekuja na dole la mmoja. Wengine waje wenyewe."

Tulikuwa tumehudhuria semina ya siku mbili kuhusu usiri wa taarifa za wanachama, yenye chai na vitafunwa na vyeti. Mwezeshaji hakutueleza jambo hilo vizuri hivyo. Wale arobaini niliwarudisha baadaye, kwa Jumamosi tatu, nimekaa kwenye benchi lile lile, kila mmoja akija na kidole chake na maoni yake kuhusu kazi yangu. Siyaandiki hapa, mengine yalikuwa ya kweli kupita kiasi.

Mtaalamu alitumia dakika tano kama alivyoahidi. Karani alipofungua mfumo Alhamisi saa tatu asubuhi, mama wa Mishamo alikuwa mwanamke, mtu mzima, hai, na hana mimba. Saa tano na nusu jina lake liliandikwa kwenye orodha ya Ijumaa, la mwisho kabisa, chini ya mstari ambao muuguzi alikuwa amekwisha kuupiga.

Jumamosi nilikwenda wodini. Kambi ilikuwa imefungwa, madaktari wameondoka. Alikuwa amelala. Sitaki msomaji alipite neno hilo upesi: alikuwa amelala chali, amejinyoosha, na kifua chake kilipanda na kushuka bila kelele. Shingoni palikuwa na bandeji. Binti yake aliyekuwa akimwuguza alinipa stuli, nikangoja mpaka alipofungua macho.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, tena nilikuwa nimeyaandika. Aliniangalia nikitoa karatasi mfukoni, akatikisa kidole chake chenye kovu kuashiria niiweke. Nikaiweka. Kovu lile likanikumbusha daftari la kibandani, na pamoja nalo jambo lililoniaibisha upya. Nilikuwa nimesafiri siku nzima, nimeketi katika kibanda cha watu, nimetia saini kaunta buku yao, nimenyweshwa uji na kuokolewa na mbuzi, nikaondoka bila kumwuliza mwenye kibanda jina lake. Kwetu ofisini alikuwa namba ya simu, na mimi niliyejidai kutubu nilikuwa nimemwacha hivyo hivyo.

"Mama," nikasema, "yule mwenye kibanda, anaitwa nani?"

Daktari alikuwa amemkataza kupaza sauti. Binti akataka kujibu kwa niaba yake, lakini mama akamzuia kwa mkono, akameza mate polepole, na kwa mnong'ono usiokuwa na mkwaruzo wowote akalitaja yeye mwenyewe:

"Domitila."